Bujumbura: mtoto abaki na nani wakati wa matembezi?

Familia zinazofika Bujumbura kutoka Kigoma, Dar es Salaam au Ulaya kwa ajili ya harusi, msiba au likizo hukabiliwa na swali moja mara tu mizigo inapofunguliwa: wazazi wakitaka kulizunguka jiji, watoto wadogo watabaki na nani? Huduma ya kumlipa mlezi kwa saa si desturi iliyozoeleka katika jiji hili. Shule za chekechea zipo, lakini hupokea watoto walioandikishwa, si mgeni wa siku tatu. Kinachobaki ni jamaa au yaya.

Yaya anayefaa ni yule anayefahamika na nyumba fulani: aliyewahi kulea kwa shangazi, kwa jirani, kwa mwenzake wa msikitini au kanisani. Mhudumu wa hoteli akijitolea kumleta mtu, ni haki ya mzazi kuuliza wamefahamiana tangu lini na mtu huyo anaishi mtaa gani. Mara nyingi mwenyeji humtoa yaya wake mwenyewe kwa ukarimu. Hapo mgeni asisahau kwamba huyo ni mfanyakazi, na kwamba kulea watoto watatu zaidi si sehemu ya ujira wake wa mwezi. Alipwe na mgeni mwenyewe, kwa kiasi kilichokubaliwa kabla ya safari, na siku yake ya mapumziko iachwe.

Suala zito zaidi ni umri. Wasichana wengi wanaofanya kazi za ndani mjini hutoka mashambani wakiwa bado watoto. Burundi iliridhia mwaka 2000 Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ikitaja miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Msichana wa miaka 13 huenda akawa hodari wa kubembeleza, lakini si haki kumtwika uamuzi wa kufanya nini homa inapopanda ghafla katika nchi yenye malaria. Yeye mwenyewe bado anahitaji mlezi.

Lugha nayo isipuuzwe. Buyenzi na Bwiza ni mitaa ya Waswahili, na si vigumu kumpata huko mlezi anayezungumza Kiswahili. Aliyetoka karibuni vilimani huenda anajua Kirundi pekee. Maneno mengine yanafanana, kama amazi, yaani maji. Mengine hupotosha, kwani amata ni maziwa wala si mate. Mzazi akipigiwa simu na kuambiwa "umwana ararwaye", ajue kwamba mtoto ni mgonjwa, arudi.

Si kila matembezi yanamtaka mtoto abaki nyumbani. Makumbusho Hai, yaliyoanzishwa mwaka 1977, yanamfaa mtoto, hasa asubuhi kabla jua halijawa kali. Humo kuna mamba, nyoka na mfano wa makazi ya jadi ya Warundi. Kwa mtoto wa miaka miwili, mlezi afuatane na familia: mmoja akiogopa nyoka, atolewe nje bila wengine kukatiza ziara. Kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, lipo kilimani Vugizo, na mandhari ya jiji na ziwa kutoka huko huwavutia hata wadogo. Jiwe la Mugere, kusini mwa jiji kwenye barabara ya Rumonge, huwafurahisha zaidi watu wazima. Livingstone na Stanley walilala hapo siku mbili mwezi Novemba 1871, baada ya kukutana Ujiji.

Mbuga ya Rusizi ni habari nyingine. Viboko na mamba wake si wa kwenye vizimba, na Gustave, mamba aliyevuma kwa kuua watu, alihusishwa na mto huo pamoja na fukwe za kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Mtoto asiyeweza kutulia ndani ya mtumbwi ni heri abaki na yaya. Hata ufukweni mjini, viboko hutoka majini kula nyasi jua linapozama, saa ile ile mbu wanapoanza kuuma. Mchana watoto wacheze mchangani, lakini jioni iwakute ndani, chini ya chandarua.

Kabla ya kuondoka, yaya aachiwe namba mbili za simu, vocha, jina la zahanati ya karibu na fedha za teksi ya kumfikisha huko. Mnamo Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, hivyo asitegemee usafiri huo kila mahali. Wazazi wakirejea usiku, nauli ya teksi ya kumrudisha yaya kwake ni juu yao, kwani mafuta yanapoadimika mabasi ya jioni huwa machache na foleni ndefu.