Ramli ya Karatasi

Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1782 katika nchi ya Thuringia, na ambaye mwaka 1837 alianzisha katika mji mdogo wa Blankenburg ile kazi yake ya kulea watoto wadogo iliyokuja kuitwa bustani ya watoto, aliitakidi kwamba mtoto aliyepewa karatasi ya mraba aweza kuonja ilimu ya maumbo hata kabla hajajua kusoma. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake mwaka 1851, kwa kumchanganya, yasemekana, na mtoto wa nduguye, Karl, aliyekuwa na fikira za uasi. Naye mzee akafariki mwaka uliofuata, asiwahi kuiona amri ile ikibatilishwa mwaka 1860. Wafuasi wake, wengi wao wanawake, walikwisha kuitawanya kazi ya kukunja karatasi katika miji mingi ya Ulaya.

Mkunjo mmoja katika jamii hiyo ndio unaotuhusu. Pembe nne za mraba huletwa kati zikakutana. Karatasi hugeuzwa kifudifudi, na pembe mpya nazo zikaletwa kati. Kisha hukunjwa nusu, na vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili vikatiwa katika vifuko vinne vya chini, kikatokea kitu kama kinywa cha kinda, kinachofumbuka mara kwa urefu, mara kwa upana. Kikipinduliwa mezani huwa kibakuli cha chumvi chenye vyumba vinne, na kwa jina hilo ndivyo Murray na Rigney walivyokieleza katika kitabu chao cha Kiingereza cha mwaka 1928. Watoto wa Kijerumani hukipaka ndani buluu na nyekundu, wakakiita Pepo na Jahanamu.

Uaguzi wenyewe kwa kinywa hicho cha karatasi, ambao Iona na Peter Opie, mume na mke waliokusanya mila za watoto wa Uingereza, waliutaja katika kitabu chao cha mwaka 1959, sidhani kama mwalimu yeyote aliufundisha. Rangi nne huandikwa nje, nambari nane ndani, na chini ya nambari maneno ya bahati: utaolewa na nani, utakuwa tajiri au fukara. Aulizaye hutaja rangi, na kinywa hufumbuliwa kwa hesabu ya herufi zake, kisha huchagua nambari mojawapo ionekanayo, asomewe yaliyo chini yake.

Hapa ndipo penye ujanja. Kwa Kiingereza jina la nyekundu lina herufi 3, la buluu 4, la kijani 5, la manjano 6. Hesabu ikiwa witiri kinywa hukoma upande mmoja, ikiwa shufwa upande wa pili, na kila upande huonyesha nambari nne tu. Muulizaji hudhani ana hiari ya mambo manane, kumbe rangi yake imekwisha kumnyang'anya nusu. Wapiga ramli wa pwani yetu, ambao hakuna dalili kwamba watoto hao walipata kuwasikia, nao hutia nukta bila kuzihesabu, kisha wakatazama kilichobaki ni witiri au shufwa, na kwa hayo wakapanga maumbo yao 16. Lakini mpiga ramli hakuyaandika majaaliwa ya mtu kabla hajaja. Binti mwenye karatasi ameyaandika mwenyewe jana usiku, na ajua ni nambari ipi iliyomficha mume mlevi.