Herufi Zilizotengana na Herufi Zilizoungana

Wako wanaodhani kuwa mtoto hana budi kuanza na herufi zilizotengana, kisha aziunge anapokua, kama vile atambaavyo kabla ya kwenda. Historia haikubaliani nao. Utaratibu huo ulitungwa na watu, na umri wake ni miaka 100 na kitu tu.

Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19 mwanafunzi alianza na vijiti na vikulabu, kisha akaingizwa moja kwa moja katika mwandiko wa kuunga. Mifano bora ilikuwa kama ile ya George Bickham, ambaye kitabu chake, The Universal Penman, kilitolewa sehemu kwa sehemu kati ya mwaka wa 1733 na 1741. Mifano hiyo ilichorwa katika mabamba ya shaba. Basi mstari mwembamba kama unywele, ambao fundi aliukata kwa ncha ya chuma, mtoto alitakiwa auige kwa unyoya na wino.

Mwaka wa 1913 Edward Johnston, bingwa wa hati, alizungumza na waalimu wa London juu ya maumbo sahili ya herufi za Kirumi. Waalimu waliyapokea maumbo hayo, wakayarahisisha zaidi hata yakabaki duara na mstari uliosimama. Faida ilionekana upesi, maana herufi aliyoisoma mtoto kitabuni ndiyo aliyoiandika. Marjorie Wise, mwalimu Mwingereza, aliufundisha mwandiko huo Marekani, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1924.

Lakini faida ya mwanzo ilizaa deni la baadaye. Mkono uliozoezwa kusimama mwisho wa kila herufi, baada ya miaka michache uliamriwa usisimame tena. Marion Richardson, mwaka wa 1935, alitaka kulipunguza deni hilo kwa mazoezi ya michoro inayotiririka. Donald Thurber wa Marekani, mwaka wa 1978, alizipa herufi za mwanzo mlazo na vikia vya kuungia. Ufaransa haikukopa kabisa: watoto wake huanza kuunga mapema. Wala mtoto wa pwani yetu aandikaye kwa herufi za Kiarabu hana mwandiko wa pili wa kuhamia. Maneno huyaunga tangu mwanzo.

Viwango vya masomo vya mwaka wa 2010, vilivyokubaliwa na majimbo mengi ya Marekani, havikuutaja mwandiko wa kuunga. California iliurudisha kwa sheria ya mwaka wa 2023. Hofu yake ina msingi: asiyefundishwa mwandiko huo huona taabu kuusoma, na barua za babu yake humfungia mlango.

Kwa hiyo yafaa herufi ya kwanza ya mtoto iwe na mkia wa kuishikia ya pili. Atajifunza mara moja, na waliomtangulia wataweza kusema naye.