Diski ikikwambia huna ruhusa, usikubali ifomatiwe

Mwezi uliopita shangazi mmoja, jirani yetu hapa Kiembeni, alinijia magharibi na kitu amekifunga ndani ya leso. Ilikuwa diski ya laptopu ya marehemu mumewe. Laptopu yenyewe ilikufa siku stima ilipopotea na kurudi kwa nguvu. Fundi wa duka moja mjini akaitoa diski, akaitia kwenye kasha la yuesibi na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Diski ikaonekana, lakini alipobofya folda ya marehemu, kioo kikaandika "Access is denied", yaani huruhusiwi kuingia. Fundi akatoa hukumu: diski imeharibika, tuifomati angalau upate kuitumia.

Shangazi akakataa. Kompyuta haijui, lakini alijua mna picha za makubaliano ya ploti yao, ambayo karatasi zake zilirowa mvua mwaka juzi zikawa uji. Wenye ploti huku Kisauni wanajua karatasi kama ile ina uzito gani siku mtu mwingine akija na yake.

"Mwanangu, yamo au hayamo?" akaniuliza.

Yalikuwamo. Diski ilikuwa nzima kabisa, ila haikumtambua aliyeifungua.

Kompyuta za Windows huhifadhi faili kwa mpangilio uitwao NTFS, uliotoka mwaka 1993. Kwa mpangilio huo kila folda hubeba kumbukumbu ya mwenyewe na orodha ya wanaoruhusiwa kuigusa. Lakini mwenyewe haandikwi Ali wala Fatma. Huandikwa kwa namba ndefu, mara nyingi inaanza na S-1-5-21, ambayo Windows huitunga pale akaunti inapofunguliwa. Ndiyo maana hata ukiiweka Windows upya kwenye kompyuta ile ile, ukajiita jina lile lile kwa nywila ile ile, kwa diski yako ya zamani wewe ni mgeni. Watu hunibishia sana hapa, mpaka niwaonyeshe ile namba kwa macho yao.

Kabla ya kugusa chochote, soma vizuri kile kioo kinachosema, kwa sababu maradhi hufanana. Kikikwambia "You need to format the disk", hilo si suala la ruhusa. Ni daftari la diski, linaloonyesha kila faili iko wapi, ndilo limevurugika. Usibonyeze kufomati; chomoa, tafuta mtu wa kuokoa data. Diski ikitoa mlio wa tiki tiki, izime hapo hapo. Ikiomba ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, na data imefungwa kwa fumbo. Tafuta ufunguo huo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, au kwenye karatasi alizoacha. Fundi anayekuambia ataifungua bila ufunguo anakula pesa zako tu. Na fleshi nyingi ni za FAT32 au exFAT, ambazo hazina orodha ya ruhusa hata kidogo. Fleshi ikikataa kuandikwa, sababu iko kwingine.

Basi kama ni "Access is denied" kweli, anza kwa kuchukua nakala bila kubadilisha chochote ndani ya diski. Mafundi wengi huiruka njia hii, nami naipenda kuliko zote. Tafuta "Command Prompt", ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

robocopy "E:\Users\Ali" "C:\Nakala" /E /B /XJ /R:1 /W:1

Badala ya E weka herufi ya diski yako, na badala ya Ali jina la folda unayoitaka. Ile /E huchukua folda zote za ndani. Ile /B ndiyo yenye dawa: inaiambia Windows kwamba msimamizi anachukua nakala ya akiba, na kwa kazi hiyo anaruhusiwa kusoma bila kuulizwa yeye ni nani. Nakala zikifika upande wa pili hufuata ruhusa za huko, kwa hivyo zitafunguka. /XJ huruka milango ya uongo kama ile "Documents and Settings", ambayo si folda bali kibao tu kinachoelekeza kwenye "Users". Nimeona mtu akipigana na mlango huo mchana kutwa. Usisahau /R:1 na /W:1, kwa maana bila hizo robocopy ikikuta faili mbovu inaweza kuirudia mara 1,000,000, na kila mara ikingoja sekunde 30.

Ukishahakikisha nakala zinafunguka, na ukitaka kuendelea kuitumia diski ile ile, ndipo ubadilishe umiliki. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, "Properties", kisha "Security", kisha "Advanced". Mbele ya "Owner" bonyeza "Change", andika jina la akaunti yako, bonyeza "Check Names", na utie tiki kwenye "Replace owner on subcontainers and objects". Funga madirisha yote, rudi hapo hapo ujiongeze kwa "Full control". Folda ikiwa na faili nyingi, nenda kanywe chai. Wako wanaompa ruhusa "Everyone" ili wamalize haraka; mimi siwapendi. Na kazi hii usiifanye kwenye C nzima ya kompyuta unayoitumia, utaivuruga Windows yenyewe.

Wenye faili zenye alama ya kufuli juu ya picha yake, poleni: hizo zilifichwa na akaunti ya zamani, na kubadilisha umiliki hakusaidii bila cheti cha akaunti ile. Wenye Mac, mashine yenu husoma NTFS lakini yenyewe haiandiki, kwa hivyo kunakili mtanakili. Kwenye Linux mwenyewe hutambuliwa kwa namba pia, na amri ya kumbadilisha ni sudo chown -R.

Iko jambo linalonikera zaidi ya mafundi wa kufomati. Niliingia kwenye faili za marehemu bila nywila yake. Nywila ya kufungulia Windows inalinda mlango wa kompyuta, hailindi diski ikishatolewa. Sasa fikiria laptopu ulizouza, au zile unazowaachia watu dukani usiku kucha, na picha za familia mle ndani. Kama hukuwasha BitLocker, yeyote mwenye kasha la yuesibi anaweza kuzisoma. Kenya ina sheria ya mwaka 2018 inayofanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, lakini sheria huja baada ya picha kuonwa. Kwa hivyo mtu akiniletea diski, kwanza namuuliza ni ya nani, kisha namkalisha karibu yangu aangalie ninachofungua.

Shangazi alikaa mpaka saa tatu usiku. Kurasa za makubaliano zilikuwa sita, na sahihi za mashahidi zasomeka. Tumezipiga chapa, nakala moja ya fleshi iko kwa bintiye Likoni, nyingine anayo mwenyewe. Kulikuwa na folda nyingine ya sauti alizojirekodi marehemu. Nilimuuliza kama tuifungue, akasema tuinakili tu.