Ardhi ya Ukoo, Chumo la Wawili: Talaka na Mali katika Masisi na Walikale

Sheria ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaonekana kumtendea mke haki. Wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine, alichokuja nacho kila mmoja hubaki chake, na walichochuma ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Marekebisho ya 2016 yaliondoa hata ruhusa ya mume ambayo mke alihitaji kabla ya kufunga mkataba. Wengi huishia hapo, wakisema kilichobaki ni kuelimisha wananchi. Mimi naona kasoro imo ndani ya hesabu yenyewe.

Chukua mke aliyeolewa Bashali, huko Masisi, Kivu Kaskazini. Shamba analolima ni la ukoo wa mume, walilolipata kwa ada waliyomtolea mwami, chifu wa jadi, ili wapewe ardhi. Hilo si chumo la ndoa. Akiachwa baada ya miaka 20, jaji mwenye kitabu atasema shamba ni la mume, na mzee wa ukoo asiyewahi kukifungua atasema vilevile. Sheria na desturi, tulizozoea kuzipambanisha, zinapatana kumtoa mikono mitupu.

Lakini juu ya udongo ule kuna migomba aliyoipanda mwenyewe, mikaratusi iliyokwisha kukomaa, na nyumba ya mbao iliyoezekwa mabati kwa pesa ya maharagwe. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Dola. Kilichopandwa na kujengwa juu yake ni jambo jingine. Jaji ana pa kushikia: amwachie mume udongo, athamini vilivyomo, mke apewe nusu ya thamani. Mabati hayana ugomvi, yanahesabika hata yakiezuliwa. Migomba ndiyo inayotaka mashahidi, na jirani wa mpakani anajua nani alishika jembe.

Walikale shida ni nyingine. Tangu kasiterite, madini ya bati, ianze kuchimbwa katika mgodi wa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, mali ya nyumba nyingi ni pesa mkononi, na pesa hufichika upesi, ya mume mchimbaji na ya mke anayepeleka unga na mawese mgodini.

Isitoshe, ndoa nyingi ni za mahari tu, hazikuandikwa serikalini. Wazee wakiketi, mjadala huanzia kwenye mbuzi au ng'ombe wa kurudishwa, utadhani mke ndiye mdaiwa. Vita navyo vimezidisha: kundi la waasi la M23 lilishika mji wa Masisi Januari 2025, likaingia mji wa Walikale Machi na kuondoka Aprili. Wanandoa walioachana ukimbizini wana nyumba ambayo atakayeitangulia ndiye atakayejiita mwenyewe.

Kungoja mahakama zifike kila kijiji ni kuwaacha wake hawa bila kitu. Waami na wazee wanaosuluhisha talaka waandike kwanza, mbele ya majirani, kilichopandwa na kujengwa na aliyekifanya, ndipo waanze kuhesabu mbuzi.