Katika Kuhukumu Matumizi Madogo: Ada za Mikopo ya Simu na Kipato cha Siku

Imekuwa desturi ya muda mrefu, magazetini, katika semina za waajiri na hata mimbarini, kumwambia mtu wa kipato kidogo ya kwamba dhiki yake yatokana na mkono wake mwenyewe: chai ya saa nne na mahamri mawili, vocha ya simu, bodaboda kwa mwendo ambao miguu ingeuweza; naye huusiwa aandike daftarini kila shilingi aitoayo, ajionee jinsi bandu bandu imalizavyo gogo. Makusudio ya makala haya ni kuipinga kauli hiyo, si kwa kuwa israfu haipo, bali kwa kuwa daftari hilo, hata likiandikwa kwa uaminifu wote, haliwezi kuonyesha matumizi yale hasa yamlayo mwandishi wake.

Huko Marekani kauli hii ilienezwa sana na mwandishi David Bach, aliyeshikilia kwamba fedha za kahawa ya kila siku, zikiwekezwa badala ya kunywewa, humtajirisha mtu uzeeni. Ilipingwa hukohuko: mtaalamu wa sheria Elizabeth Warren na bintiye Amelia Warren Tyagi, katika kitabu chao cha mwaka 2003, walieleza kwamba familia za tabaka la kati zilifilisika kwa gharama za nyumba, matibabu na elimu ya watoto, si kwa anasa ndogo ndogo. Hoja yao ni sahihi, walakini haitufikishi mbali hapa Mombasa, kwani kibarua wa Kisauni au Likoni alipwaye kwa siku hana rehani ya nyumba ya kumfilisi. Aliye karibu nasi zaidi ni mwanasosholojia David Caplovitz, ambaye mwaka 1963, baada ya kuchunguza familia za kipato cha chini mjini New York, alihitimisha kwamba maskini huuziwa ghali zaidi bidhaa zilezile, hasa anunuapo kwa mkopo. Na ni ajabu kubwa kwangu kwamba wanaotufundisha kubana matumizi humsahau.

Burhani yangu kubwa imo katika orodha ya ada za mikopo ya simu. Fuliza, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2019, humwezesha mtumiaji wa M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, kukamilisha malipo ijapokuwa salio lake halitoshi. Kwa viwango vyake vya awali, na bila kuhesabu ushuru, mkopaji alitozwa asilimia 1 ya mkopo, na juu yake ada ya kila siku: shilingi 5 kwa deni la baina ya shilingi 101 na 500, shilingi 30 kwa deni lipitalo 2,500. Basi aliyekopa shilingi 200 akakaa nazo siku 10 alilipa shilingi 52, yaani zaidi ya robo ya mkopo wenyewe; na aliyekopa 10,000 kwa siku hizohizo alilipa 400, ambazo ni asilimia 4 tu. Kwa kila shilingi iliyokopwa, mwenye haja ndogo alitozwa zaidi ya mara sita ya alichotozwa mwenziwe.

Na tumtazame mwendesha bodaboda mmoja katika siku moja. Alfajiri ana shilingi 120 simuni na yuataka petroli ya 300. Anafuliza, anatia petroli, anaondoka. Abiria wa kwanza amlipa 100 kwa simu, na kabla hajaizungusha pikipiki ujumbe umekwisha ingia kwamba fedha zote zimekatwa kulipia deni. Ya wa pili nayo yakatwa karibu yote. Adhuhuri mkewe ampigia simu, unga umekwisha, naye hana salio la kutosha, kwa hiyo anafuliza tena. Mwulize jioni fedha zake zimekwenda wapi, atakutajia chai, kwa sababu chai aliinunua kwa kukusudia na akaionja. Ada hakuinunua, hakuiagiza, wala hakuihesabu.

Itasemwa kwamba viwango hivyo vimepita, na ni kweli kwamba mwezi Oktoba 2022 ada za siku zilipunguzwa, na siku tatu za kwanza zikasamehewa kwa mikopo isiyozidi shilingi 1,000. Lakini baada ya siku hizo ada ingali ikihesabiwa kwa mafungu, si kwa uwiano, na katika kila fungu litozwalo ada mwenye deni dogo ndiye aumiaye zaidi. Itasemwa pia kwamba wanauchumi Tavneet Suri na William Jack, mwaka 2016, walikadiria kuwa M-Pesa iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini. Silikanushi hilo, ila wao walichunguza faida ya kupata mawakala wa fedha karibu, miaka kadhaa kabla ya Fuliza kuwako, na haifai ushahidi wa kutumiana fedha ugeuzwe kuwa utetezi wa kukopeshana.

Naamini, ijapokuwa hesabu niliyoitoa ni ya viwango na si ya kaya zenyewe, kwamba Benki Kuu ya Kenya ingewanusuru watu wengi kuliko semina zote za matumizi kwa kuamuru mambo mawili: kwanza, ada ifuate kiasi cha deni na muda wake, na kabla ya mkopaji kuthibitisha aonyeshwe kwa shilingi atakacholipa akichelewa siku 10; pili, makato yasichukue zaidi ya nusu ya malipo yoyote yamfikiayo, ili yule mwendesha bodaboda, akilipwa 100 na abiria wake wa kwanza, abaki na 50 za kununulia unga pasina kukopa tena.