Mizani, Leja na Mtihani

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa katika kata ya Zagayu, mkulima hufika kwenye ghala la chama chake na maswali matatu. Mizani inasema kweli? Bei ya leo ni ipi? Stakabadhi imeandikwa sawasawa? Wa kumjibu ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha mazao na masoko. Karani huyo huenda alisoma uhasibu chuoni, huenda alihudhuria semina ya siku chache tu, lakini mbele ya mkulima cheti chake hakina kazi. Kinachotazamwa ni tarakimu.

Zagayu ilikuwa katika wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga, mpaka mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipoundwa na kata hiyo ikaingia katika wilaya mpya ya Itilima. Mipaka imehama, maswali ya ghalani hayakuhama. Usukuma, nchi ya Wasukuma ambayo Zagayu ni sehemu yake, umekuwa ukiyauliza tangu enzi za ukoloni, na kwa kuyauliza umejikuta ukishughulika na jambo linalowasumbua wahadhiri wa vyuo vya biashara mpaka leo: utajuaje kwamba aliyefundishwa biashara anaijua?

Jibu la kwanza lilitoka kwa wakulima wenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pamba ya Jimbo la Ziwa, ambalo Usukuma ulikuwa ndani yake, ilinunuliwa na wafanyabiashara ambao wengi wao walikuwa na asili ya Asia. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi: mizani iliyochezewa, uzito uliokatwa, hesabu iliyofanywa haraka mbele ya mtu asiyejua kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vikundi vya wakulima vikaanza kuajiri wapimaji wao. Pamba ilipimwa kijijini kwanza, uzito ukaandikwa, kisha mzigo ukapelekwa kwa mnunuzi. Tarakimu za mnunuzi zikitofautiana na za mpimaji, mkulima alikuwa na pa kuanzia kubisha.

Mpimaji huyo alifanya mtihani kila siku ya soko. Alipaswa kuisoma mizani, kuzidisha uzito kwa bei na kumweleza mwenye pamba jumla yake kwa lugha anayoielewa. Msahihishaji alikuwa mkulima mwenyewe, na matokeo yalitoka papo hapo. Aliyekosea au kudanganya alijulikana kabla ya jua kuzama.

Kutoka kwenye vuguvugu hilo ndipo ulipoibuka ushirika wa pamba, ukiongozwa na Paul Bomani. Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 na kusoma Ikizu, alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alikwenda Uganda kuona namna vyama vya ushirika vya huko vinavyofanya kazi, kisha akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Vyama vya kwanza vya msingi viliandikishwa mwaka 1953. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, na kufikia mwaka 1960 shirikisho hilo lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba yote ya jimbo. Lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika.

Ukubwa huo ulikuja na tatizo lake. Kila chama cha msingi kilihitaji katibu, karani, mpimaji na kamati. Mpimaji wa zamani alishughulika na mzigo mmoja na mtu mmoja. Karani wa ushirika alipaswa kutunza daftari la fedha, leja ya wanachama na kumbukumbu za ghala, na mwisho wa msimu aoneshe kwamba kilo zilizopokelewa zinalingana na kilo zilizopelekwa kiwandani, na fedha zilizolipwa zinalingana na stakabadhi. Mkulima hangeweza tena kumsahihisha kwa kutazama mshale wa mizani.

Baada ya uhuru serikali ikajibu kwa kujenga vyuo. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa Januari 1963. Mwaka uliofuata kikaanzishwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichofundisha viongozi na wanachama kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na vikundi vya kujisomea. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965. Sasa mtihani wa biashara ulikuwa na chumba, msimamizi, karatasi ya maswali na cheti.

Ghalani mambo hayakutengemaa. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini, ikakuta wizi, upendeleo, watendaji wasio na ujuzi wa kutosha, na wanachama wasiojua haki zao wala namna ya kuwadhibiti waliowachagua. Shirikisho la Victoria lilikuwa miongoni mwa yaliyonyang'anywa uhuru wa kujiendesha, na mwaka 1968 likaundwa upya kwa jina la Nyanza Cooperative Union. Lawama nyingi ziliwaangukia makarani na makatibu. Lakini katika matokeo ya tume kulikuwa na jambo zito zaidi: hata karani aliyefaulu vizuri alirudi kwenye chama ambacho wanachama wake hawakuweza kuisoma kazi yake. Mpimaji wa miaka ya 1950 alikuwa na msahihishaji, yeye hakuwa naye.

Pengo hilo lilikuja kuzibwa kidogo na mpango ambao haukuitwa elimu ya biashara hata siku moja. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, makao yakiwa Mwanza, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kujifunzia kusoma viliandikwa kufuata kazi za watu: uvuvi, ufugaji, na kwa Wasukuma, pamba. Mtu mzima alijifunza herufi huku akisoma habari za kupanda kwa mistari, kupalilia, kupulizia dawa, kutenganisha pamba safi na fifi, yaani ya daraja la chini, na kuuza.

Mafanikio ya mradi huo yaliingizwa katika kampeni ya taifa zima, na Agosti 1975 ukafanyika mtihani ambao huenda hakuna mwingine wa aina yake Afrika Mashariki uliokuwa mpana kiasi hicho. Watu wazima zaidi ya milioni tatu walikaa kupimwa. Matokeo yalipangwa kwa hatua nne, na ya juu kabisa haikuridhika na kusoma tu. Aliyefika hatua ya nne alipaswa kuweza kusoma gazeti, kuandika barua, kuweka kumbukumbu na kutunza hesabu rahisi za mapato na matumizi ya kazi yake. Yaani, mkulima wa pamba alikuwa akifanyiwa mtihani wa uhasibu.

Takwimu za kitaifa zinaonesha kasi ya mabadiliko. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Baada ya mtihani wa 1975 wakahesabiwa kuwa asilimia 39, na kufikia 1986 asilimia 10 hivi. Mitihani ilirudiwa mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986. Jambo la kuzingatia ni matumizi ya matokeo: yalionesha nani aendelee na hatua ipi, vijiji gani vinahitaji walimu zaidi, na watu waliofuzu wapewe nini cha kusoma wasije wakasahau. Ndiyo maana maktaba za vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza, vilikuwa sehemu ya mpango huo.

Shule na vyuo navyo vilikuwa kwenye mjadala. Rais Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikuwa ameushambulia mtihani wa maandishi kwa kupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa ndani ya muda uliowekwa, huku ukiacha fikra, tabia na moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likageuza lawama hizo kuwa sera: kazi za mwaka mzima na mwenendo vihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho, na anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza. Wakati huohuo taaluma ya uhasibu ilikuwa ikielekea upande mwingine. Bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilijenga heshima yake juu ya mtihani mgumu wa maandishi, wa kitaifa, usiomjali mtu anatoka chuo gani.

Mvutano huo haukupata nafasi ya kutulia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kukabidhi ununuzi wa pamba kwa mamlaka ya zao. Chuo cha Moshi kiliendelea kufundisha ushirika katika nchi iliyokuwa imeuvunja ushirika wake. Mwanafunzi aliweza kufaulu vizuri namna ya kuendesha mkutano mkuu wa wanachama bila kuwapo mkutano wa kwenda kuuendesha. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama, na mwaka huohuo likaundwa COASCO, shirika la kukagua hesabu za ushirika. Kisha mwaka 1994 soko la pamba likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakarudi kijijini na mizani zao, na vyama vingi vikabaki na madeni na maghala matupu. Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba ipite tena kwenye AMCOS. Kizazi kipya cha makarani kikahitajika kwa haraka.

Vyuo navyo vilikuwa vimebadilika. Baraza la elimu ya ufundi, NACTE, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, lilivitaka vyuo vya kada yake, CBE kikiwamo, vieleze kila somo kwa umahiri ambao mhitimu atauonesha. Ng'ambo nako upepo ulikuwa huohuo: mwaka 2003 AACSB, taasisi ya Marekani inayothibitisha ubora wa shule za biashara duniani, ilianza kudai ushahidi wa kile wanafunzi walichojifunza badala ya orodha ya walichofundishwa. Shule zilitakiwa zitaje malengo, zipime, kisha zioneshe zimebadilisha nini katika ufundishaji kutokana na vipimo hivyo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowachosha wahadhiri wengi. Kujaza fomu ni kazi ya alasiri moja. Kubadili somo ulilolifundisha miaka kumi ni kazi nyingine.

Kwa kijana wa Zagayu leo, njia ya elimu ya biashara haina budi kupita karibu na pamba. Chuo cha Moshi, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika, kina taasisi yake Kizumbi, Shinyanga. CBE ina kampasi Mwanza, na katika fani zake imo ya mizani na vipimo, inayowaandaa watu wa kukagua mizani zilezile ambazo wakulima wa miaka ya 1950 hawakuziamini. Mwanafunzi hupata alama za majaribio na kazi za darasani, kisha mtihani wa mwisho, ambao katika vyuo vingi hubeba uzito mkubwa zaidi. Hupelekwa pia mafunzo kwa vitendo, ambako msimamizi wa ofisi humjazia fomu na mhadhiri hufika kumtembelea.

Nje ya chuo kuna kipimo kingine ambacho mtaala hauna haja ya kukibuni. Kila mwaka wakaguzi wa COASCO hutoa hati juu ya hesabu za vyama, kuanzia safi hadi mbaya. Ndani ya ripoti zao zimo kasoro zenye majina ya kihasibu: stakabadhi zisizolingana na leja, fedha zilizotumika bila idhini ya kamati, upungufu wa kilo usio na maelezo. Mhadhiri wa uhasibu wa ushirika anayeziweka kasoro hizo mezani pamoja na mtihani wake wa mwaka uliopita ataona swali gani lilipimwa bure na jambo gani halikuulizwa kabisa. Mwanafunzi akipewa vitabu vya chama halisi, majina yakiwa yamefichwa, akatakiwa atafute kilo zilizopotea na kisha awaeleze wajumbe wa kamati kwa Kiswahili wanachokielewa, atakuwa amefanya kazi ya karani na ya mpimaji kwa pamoja. Wajumbe hao wanaweza kumpa alama, kwa kuwa msimu ukifunguliwa wao ndio watakaokaa naye ghalani.

Kikwazo ni muda, na idadi. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu hasahihishi maelezo ya mdomo kwa urahisi anaosahihishia maswali ya kuchagua, na ripoti ya ukaguzi huwa tayari kwa kalenda ya chama, si ya muhula. Vyuo vinavyopanga mafunzo kwa vitendo vitalazimika kuamua kama vitawapeleka wanafunzi ofisini wakati wowote wa likizo, au katika miezi ya ununuzi, wakati vitabu vya AMCOS viko wazi na mkulima amesimama mbele ya meza akisubiri stakabadhi yake.