Vijiwe vya Bodaboda: Chimbuko na Taratibu Zake

Usafiri wa bodaboda ulianza katika miaka ya 1960 kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, eneo la Busia. Waendeshaji walisubiri abiria pamoja, na desturi hiyo ikarithiwa na wenye pikipiki. Kenya ililegeza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, na biashara ikapanuka haraka. Tanzania nayo ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010.

Maegesho ya kusubiria abiria huitwa kijiwe Tanzania na steji Kenya. Mengi yalizuka yenyewe penye abiria: kwenye njia panda, vituo vya daladala, masoko na milango ya hospitali. Kwa kawaida kijiwe huwa na mwenyekiti na katibu. Anayetaka kujiunga hutambulishwa na mwanachama na hulipa kiingilio. Michango husaidia wakati wa ajali, ugonjwa na msiba.

Vijiwe vingi hupakia kwa zamu, lakini mteja mwenye dereva wake wa kawaida huachiwa aende naye. Dereva mgeni anaruhusiwa kushusha abiria, si kupakia; akikaidi hufukuzwa.

Katika maeneo ya katikati ya majiji ya Nairobi na Dar es Salaam, mamlaka zimezuia bodaboda mara kadhaa kwa sababu ya msongamano. Hata hivyo, kijiwe kimebaki msingi wa nidhamu ya kazi hii, kwani dereva asiye na kijiwe ni vigumu kumfuatilia akikosea.